Nilivyokaribia Kumnyima Syombua Barafu

Vijana, kabla hamjamuuliza mteja anataka kwenda wapi, mwulizeni magoti yake yakoje, macho yake yakoje, na usiku anaamka mara ngapi. Mkishajua hayo ndipo mfungue kompyuta. Mimi nimepanga safari za watu kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza mjini Kitui, halafu mji wa Wote, kule Makueni, katika ofisi yenye meza moja juu ya duka la dawa za mifugo, na nawaambia safari nyingi haziharibikii angani wala baharini. Zinaharibikia kwenye hiyo meza, mbele ya mtu kama mimi anayejifanya anajua.

Sasa nimestaafu. Nafuga kuku na kugombana nao. Lakini haipiti wiki kabla kijana mmoja hajanipigia simu: Madam Kalondu, nimesikia wewe ndiwe uliyewapeleka wazee wa Kathonzweni kwenye meli ya kuona barafu, ulifanyaje? Wanataka niwatumie orodha. Orodha sina. Nina kosa moja kubwa na namna nilivyotoka ndani yake, na hilo ndilo nitakalowapa.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Abdi, mtu wa Garissa, aliyekuwa na ofisi karibu na stendi ya Kitui. Aliwasafirisha wazee kwenda Hija, wagonjwa kwenda India, na yeyote mwingine aliyekuwa na pasipoti na haraka. Mimi nilimjia nikijua kupiga taipu tu. Katika wiki ya kwanza akaja mzee mmoja wa Kitui anayekwenda kutibiwa. Soko zima lilimwita Kilonzo, nami nikamwandikia tiketi ya Kilonzo. Kumbe kwenye pasipoti alikuwa Joseph Mutinda. Kilonzo lilikuwa jina la babu yake, ambalo nyanya yake alimbandika akiwa mtoto likakataa kubanduka. Bwana Abdi hakunipigia kelele. Alinipandisha gari pamoja na yule mzee hadi Nairobi, nikasimama naye kwenye foleni saa nne nzima kubadilisha jina, nikiwa nimembebea mkoba na chupa ya uji. Tangu siku hiyo sijaandika jina la mtu bila kitambulisho kuwa mbele yangu, hata la mume wangu.

Bwana Abdi alikuwa na neno lake. "Kalondu," alikuwa akiniambia, "abiria akifika mbele ya karani, wewe hutakuwa hapo. Usimpe maneno yako akabebe. Mpe karatasi zake, umwache na mdomo wake." Nililiandika katika daftari langu la kwanza. Halafu nikakaa nalo miaka mingi hivi, likanizoea nami nikalizoea, na siku lilipohitajika nikawa nimelisahau.

Siku hiyo ilianza Syombua alipopanda ngazi za ofisi yangu.

Syombua alikuwa mwenyekiti wa mwethya huko upande wa Kathonzweni. Nyinyi wa mjini mwethya mmeisikia tu kwa wazazi wenu: ni kikundi cha kazi, leo tunalima kwako, kesho kwangu, na hakuna anayeachwa. Kikundi chao kilijenga mabwawa ya mchanga. Unakata mto wa msimu kwa ukuta wa mawe, mvua inaleta mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha humo ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Kiangazi kikija unachimba kidogo, unateka. Syombua alikuwa amepita miaka sabini, mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuzungumza na wenzake ng'ambo ya pili ya mto. Nyuma yake alikuja Mwalimu Nzioka, katibu wa kikundi, aliyefundisha jiografia Matiliku mpaka akastaafu, pamoja na mkewe Tabitha, mwimbaji wa kwaya.

"Kalondu," Syombua akasema kabla hajaketi, "mimi nataka kuona barafu."

"Ile ya Mlima Kenya, mwaitu?" nikamwuliza, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Hiyo imebaki kidogo kama chumvi ya mboga. Nataka ile kubwa. Mwalimu ameniambia kuna mahali inashuka mpaka kwa bahari, inasimama kama ukuta, inakatika inaanguka kwa maji."

"Alaska," Mwalimu akasema. Alilisema hilo jina kwa adabu, maana alikuwa ameichora Alaska ubaoni maisha yake yote na hajaiona hata siku moja.

Nikamwuliza Syombua kwa nini hasa. Akaniangalia kana kwamba nimemwuliza kwa nini anakula. "Mimi nimefukuza maji tangu nikiwa msichana. Asubuhi na punda, jioni na punda. Nimechimba mchanga mpaka hizi kucha zikaisha. Sasa naambiwa kuna mahali maji imelala tu, mlima mzima, na hakuna mtu anachota. Nitakufa aje bila kuona?"

Halafu nikauliza maswali yangu. Magoti yalikuwa mazuri kuliko yangu. Tulipofika kwenye macho akavuta kiti karibu.

"Ni presha ya macho," akasema. "Daktari anasema ya pembeni imeshaenda, hairudi. Wewe hapo naona pua na mdomo. Masikio sioni. Hii ya katikati ananiwekea dawa, lakini hajui itakaa kiasi gani. Kwa hivyo ni mwaka huu, Kalondu. Usiniambie mwaka ujao."

Kuhusu nauli sitasema kitu. Watoto wao wako ng'ambo na maembe ya Makueni si ya kudharauliwa. Mimi nilibaki na kazi ya kupanga, na nikaipenda kazi ile kuliko yoyote niliyowahi kuifanya, ingawa mimi mwenyewe chombo cha majini nilichowahi kupanda ni feri ya Likoni pekee.

Basi chukueni haya ya kazi, mkitaka. Meli za huko hutembea kuanzia Mei hadi Septemba, baada ya hapo ni kwao wenyewe na baridi yao. Mzee mtafutie chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, hapo mtikisiko ni mdogo. Wateja watagombania upande wa kulia au wa kushoto. Waacheni wachoke, kwa sababu meli ikifika mbele ya barafu nahodha huizungusha polepole na kila mtu anaona. Hakikisheni wamefika mji wa bandari siku moja kabla, maana ndege ikichelewa meli haimngoji mtu. Dawa za macho ziwe kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye sanduku. Na someni kila kituo cha meli, hata kile cha jioni moja. Yetu ilikuwa inatia nanga Kanada kwa saa chache tu, nao Kanada wanataka karatasi zao. Hizo nilizitafuta mapema na zikatoka bila shida. Nikajiona bingwa.

Kuna jambo la baridi. Mtu wa Kathonzweni akikuambia anajua baridi, anazungumzia Julai saa kumi na moja asubuhi. Niliwaza nitawapimaje zile nguo. Nikakumbuka bucha moja katika mji mdogo wa Salama, kando ya barabara kuu, yenye chumba kikubwa cha baridi. Mwenye bucha alicheka mpaka akashika ukuta, lakini akatufungulia. Wakaingia wote watatu na masweta, makoti na kofia za sufu, wakakaa juu ya kreti kati ya mbuzi walioning'inia. Nikawaambia wakae nusu saa. Tabitha aliimba wimbo mzima kwa meno yanayogongana. Syombua alitoka akasema koti ni nzuri ila miguu imekufa, na kwamba wale mbuzi wametulia kuliko Mwalimu. Nikanunua soksi nene. Hakuna kitabu kitakachowaambia hilo.

Sasa tufike kwenye kosa.

Kulibaki viza ya Marekani, na viza ile unahojiwa ana kwa ana, kila mtu dirishani na maneno yake. Nikaogopa. Nitawaambia ukweli niliouficha wakati ule: sikuwa nikiogopa maofisa, nilikuwa nikiona aibu. Nilimsikia Syombua akieleza habari za mchanga na punda, kwa Kiswahili chake kilichovaa Kikamba, nikajiambia, huyu ofisa wa watu atasikiliza haya mpaka lini? Nikaamua kuwatungia jibu.

Na mnajua sisi tumelelewa vipi. Tangu shule ya Jumapili tunasimamishwa mbele ya kanisa kusema mstari wa kukariri, na ukiongeza neno moja au ukipunguza, unaketishwa chini. Kwa hiyo Jumamosi tatu mfululizo niliwakusanya ofisini nikawakaririsha: "Naenda kutalii kwa siku kumi na mbili, kutazama barafu na wanyama wa baharini, kisha nitarejea Kenya kwa sababu nina shamba, nina familia, na nina kanisa." Walikariri vizuri ajabu. Tabitha aliutia mdundo ili usipotee. Jumamosi ya tatu waliusema kwa pamoja, sauti tatu, na mimi nikapiga makofi kama mjinga.

Siku ya mahojiano tulikwenda Nairobi, kwenye ubalozi, nami nikawasubiri upande wa pili wa barabara na chupa ya chai. Walipotoka nilijua kabla hawajavuka. Waliyoyapitia nilisimuliwa na Mwalimu ndani ya gari.

Wote watatu waliitwa dirisha moja, mmoja baada ya mwingine, kwa ofisa mmoja, mwanamke kijana anayejua Kiswahili safi. Syombua alitangulia. Akaulizwa kwa nini anataka kusafiri, akasema mstari. Akaulizwa anafanya kazi gani, akasema mstari tena. Akafuata Mwalimu, akasema mstari. Tabitha alipofika akavuta pumzi na kuanza, "Naenda kutalii kwa siku kumi na mbili," yule ofisa akainua mkono na kummalizia mwenyewe, "nina shamba, nina familia, na nina kanisa." Kisha akamwuliza kwa upole nani amewafundisha.

Tabitha hajawahi kusema uongo tangu aokoke. "Ni Madam Kalondu," akasema. "Yuko hapo nje na chai."

Wakanyimwa wote. Wala siwalaumu watu wa ofisi ile. Hata mimi ningewanyima. Waliambiwa wanaweza kuomba tena.

Tulipofika Salama, Syombua akasema neno moja tu, tena bila hasira. "Nilikuwa nataka kumwambia juu ya mto. Lakini ulisema tusiongeze."

Afadhali angenitukana.

Meli yao, iliyokuwa ya Juni, ikaondoka bila wao. Kwa siku nane sikumpigia mtu simu. Niliketi ofisini nikijifanya napanga faili, nikiwaza yale macho na ile katikati ambayo hakuna anayejua itakaa kiasi gani. Mwenzenu nilikuwa nimeharibu safari nyingi kabla ya hapo, mizigo imepotea, watu wamelala uwanjani, lakini hizo zilikuwa hasara zinazorudishika. Hii nilihisi nimeingiza mkono kwenye jicho la mtu.

Siku ya tisa nikaenda Kathonzweni kuomba msamaha. Niliwakuta wote mtoni, watu kama arobaini, wanainua ukuta mpya. Nilikuwa na viatu vya ofisi na hotuba niliyoiandaa. Nikafungua mdomo. Mama mmoja akaniwekea jiwe mikononi. Kwenye mwethya hakuna mgeni na hakuna mtu wa kusimama akiongea huku wengine wamebeba. Ukifika, unapewa jiwe. Nikabeba. Nikabeba la pili. Viatu vikajaa mchanga, nikavivua. Nadhani nilibeba saa mbili kabla Syombua hajaita watu wapumzike, na hotuba ilikuwa imeniishia yote kwa jasho.

"Mwaitu," nikamwambia mbele ya watu, "nimekuharibia. Niliwapa maneno yangu kwa sababu nilionea aibu maneno yenu."

Syombua akanywa maji yake polepole, kisha akanionyesha ukuta kwa kidole.

"Unaona hii? Ukuta yetu ya kwanza ilienda na maji. Tulikuwa tumechagua mawe, kubwa zote, sawasawa, ndiyo ipendeze. Mto ikakuja ikaisukuma ikaanguka siku moja. Mzee wa ujenzi akatucheka. Akasema, ukuta inataka kubwa, inataka ndogo, inataka ile mbaya haina umbo, hiyo ndiyo inaingia kwa shimo." Akanipa kikombe. "Wewe ulitupanga sawasawa, Kalondu. Haya, tutafutie siku ingine."

Basi hivyo ndivyo nilivyosamehewa, na mchana ulipoisha nilikuwa nimebeba mawe mpaka mgongo ukaniuma wiki mbili.

Kutafuta siku nyingine haikuwa rahisi. Nafasi za mahojiano zilikuwa zimejaa hadi mwaka uliofuata. Lakini watu huahirisha, na nafasi iliyoachwa hukaa kwenye kompyuta dakika chache tu kabla mwingine hajaidaka. Kwa hiyo kila alfajiri, kuku wakiwa bado kimya, nilikwenda ofisini, nikaingia mtandaoni nikachungulia, na kila alfajiri nikatoka mikono mitupu. Hatimaye nikapata nafasi za katikati ya Agosti, tatu, mfululizo. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la dawa za mifugo aliyekuwa akifungua akapanda juu kuangalia kama nimeibiwa.

Safari hii sikuwafundisha kitu. Niliwaita ofisini, nikampa kila mtu karatasi zake na kumwonyesha ni ipi ni ipi, nikawauliza swali moja, kwa nini unataka kwenda, kisha nikajiziba mdomo kwa kikombe cha chai. Mwalimu alieleza barafu inavyochonga mabonde mpaka chai ikapoa. Tabitha alisema yeye anakwenda kwa sababu mumewe amemsumbua na habari hiyo kwa miaka yote ya ndoa, na anataka kuhakikisha kama ni kweli.

Dirishani walimkuta ofisa mwingine, mwanamume. Syombua ndiye aliyenisimulia, na alifurahi kusimulia.

"Akaniuliza, mama, unafanya kazi gani? Nikamwambia naficha maji kwa mchanga. Akasema, unaficha aje? Nikamwonyesha na mikono. Akauliza, sasa kama mchanga imejaa, maji iko wapi? Nikamwambia, si uchimbe! Akacheka. Akaniuliza, na nikikupa viza utarudi? Nikamwambia, kijana, mvua ya Novemba inakuja na ukuta mpya haijaisha upande moja. Mimi nikose, hao watu watapanga mawe ya kupendeza."

Wote watatu wakapata.

Meli iliyobaki ilikuwa ya mwisho wa msimu, Septemba, na hapo nilijifunza kumwambia mteja ukweli hata kama unauma. Septemba huko ni mvua na ukungu. Nilimwita Syombua nikamwambia anaweza kufika mbele ya barafu yenyewe na asione kitu, tena kwa macho yale.

"Kwani hapa tunapanda tukijua itanyesha?" akaniuliza. "Andika hiyo meli."

Wakaondoka. Nililia uwanja wa ndege, kisha nikarudi Wote nikaketi na simu. Mwalimu alikuwa akituma ujumbe wa sauti kila mahali penye mtandao. Tabitha ametapika siku ya kwanza, ya pili anawafundisha Wafilipino wa jikoni nyimbo za kwaya. Wameona nyangumi, mgongo tu, halafu mkia. Syombua amekataa mkate, anauliza kama hakuna mahindi. Halafu: wamefika barafu ya kwanza, ukungu mtupu, hawakuona hata maji yaliyo chini ya meli. Nikashika kichwa. Siku iliyofuata ukaja ujumbe mfupi: "Tumefika barafu ya pili, ambayo ni ya mwisho. Ukungu bado. Syombua amekataa kuingia ndani." Kisha mtandao ukapotea, siku tatu kimya.

Niliwapokea uwanjani. Syombua alinikumbatia, amevaa lile koti katika joto lote la Nairobi. "Nimeona, Kalondu," akasema. "Asante sana."

Nyinyi mtakaofanya kazi hii mtajua kwamba wazee wa kwetu wana adabu. Mzee atalala kwenye kitanda kilichovunjika na kukuambia hoteli ilikuwa nzuri. Nikamvuta Mwalimu pembeni nikamwuliza. Akapangusa miwani yake muda mrefu.

"Ukungu ulifunguka," akasema. "Kidogo tu, dakika chache. Mimi niliona. Yeye alikuwa mbele kabisa, ameegemea vyuma, darubini ameiacha chumbani. Sasa macho yake yalishika nini, Kalondu, mimi sijui. Ningemwuliza vipi?"

Hata mimi sikuweza kumwuliza. Nilikwenda nyumbani na lile shaka, nikalala nalo.

Jumamosi iliyofuata mwethya ilikutana mtoni, nami nikaenda, safari hii na viatu vya mpira. Kazi ilipokwisha watu wakaketi mchangani, Syombua akasimama juu ya ukuta kutoa ripoti. Alieleza sili, wanyama wa baharini wenye mapezi, waliolala juu ya vipande vya barafu vinavyoelea, kama mbuzi waliojinyoosha juu ya mwamba mchana. Akaeleza mlio wa barafu ikikatika, jinsi unavyousikia kifuani kabla ya masikioni, na Tabitha akaitikia, ndiyo, ndiyo. Akasema kijana mmoja wa meli aliwaonyesha mwamba mahali barafu ilipokuwa zamani, na sasa imerudi nyuma mbali sana, inaisha. "Nikamwuliza, na nyinyi mko na mwethya? Akasema hapana. Nikamwambia, anzeni!" Watu wakacheka wakapiga makofi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikihesabu moyoni: hilo amesikia, hilo ameambiwa, hilo Tabitha amemsimulia.

Ndipo mama mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na ni nyeupe vile, kama ya friji?"

"Nyeupe?" Syombua akasema. "Nani amekwambia ni nyeupe?"

Akashuka kutoka kwenye ukuta, akaanza kupita kati ya wanawake waliokaa, akiinama kwa kila mmoja, uso wake karibu kabisa na vitambaa vya vichwa vyao, kwa sababu hivyo ndivyo anavyoona sasa. Akapita cheupe. Akapita cheupe kingine, na cha maua, na chekundu. Kwa mama wa nane au wa tisa akasimama. Kilikuwa kitambaa cha bluu, kilichofuliwa na kuanikwa juani mpaka kikapauka kikakaribia kuwa kijivu. Nikasema moyoni, basi, amekosea.

Lakini hakugusa juu. Alitafuta fundo kwa vidole, akalifungua taratibu, akatanua mkunjo uliokuwa ndani, ambao jua halikuwahi kuufikia. Humo bluu ilikuwa bado mbichi, kali, kama siku kilipotoka dukani.

"Juu imepauka tu," akasema. "Lakini imepasuka, iko na nyufa. Ukiangalia ndani ya nyufa, ni hii."

Mwalimu Nzioka alikuwa amesimama. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo kabisa."

Nilianza kulia mbele ya watu wote, na sikuona aibu hata kidogo. Syombua akageuka akanitafuta, akanipata kwa sauti.

"Kalondu, wewe ndiwe hujaenda," akasema. "Njoo uone."

Nikaenda, nikapiga magoti mchangani, nikautia uso wangu karibu na mkunjo wa kile kitambaa, yeye akiwa amenishikia, nikatazama mpaka nikashiba.